Bwana Afya na Mume wa Bhoke

Ninyi mnaoanza kazi ya afya vijijini mna pikipiki na simu, kwa hiyo mnafika haraka na kuondoka haraka. Sisi tulitembea kwa miguu. Sisemi kutembea kulikuwa kuzuri, magoti yangu ya leo ni shahidi. Ila mtu anayetembea huona mengi ambayo hakutumwa kuyaona.

Nimestaafu sasa. Ninalima kabichi na vitunguu huku karibu na bwawa la Manchira, na haupiti mwezi bila kijana fulani wa afya kuegesha pikipiki yake uani kwangu. "Shikamoo, Bwana Afya." Marahaba. Anakunywa uji, anazungukazunguka na maneno, mwisho anafika kwenye shida yake. Ametumwa kupima ni watu gani katika kata yake watakaoumizwa zaidi kiafya na mabadiliko ya tabianchi, yaani joto, ukame, mafuriko, malaria, kuhara, na hajui aanzie wapi. Huwa namwambia aanze kwa kufunga mdomo. Wengi huondoka wameninunia. Basi jibu refu ni hili, someni na uji wenu wenyewe.

Kwanza jina. Mimi ni mwanamke, wa kabila la Wanata wa huku Serengeti, mama na bibi wa watu. Lakini nilipopangiwa kazi Tarime nikiwa bado msichana, nilikuta wananchi wana jina moja tu la mtu anayekagua vyoo na visima, nalo ni bwana afya. Awe amevaa suruali au gauni, ni bwana afya. Watoto walikuwa wakinitangulia njiani wakipiga kelele, "Bwana afya anakuja! Amesuka nywele!" Mwanzoni niliwasahihisha. Nikasema niiteni mama afya, niiteni dada, niiteni hata jina langu. Wakasema sawa, bwana afya. Nikachoka, nikaitika, na miaka ilivyokwenda nikalipenda. Wekeni jina hilo mfukoni, tutalihitaji mbele.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Nyamhanga, bwana afya wa zamani wa kaptura ya kaki na soksi ndefu, mkali kama pilipili kichaa, na mwoga wa mbwa kuliko mtoto. Yeye ndiye aliyeniambia, "Ukifika kwenye mji wa mtu, tazama ndoo kabla ya mdomo." Kwa Kiswahili chetu cha huku, mji ni boma la mtu mmoja na wake zake na watoto wake, si lazima uwe na lami na taa. Alimaanisha kwamba mdomo wa mwenyeji una adabu. Utakuambia maji yapo, chakula kipo, watoto wazima, karibu ukae. Ndoo haina adabu. Ukiichungulia ukakuta tope limetulia chini, au mstari wa udongo umejichora ubavuni, unajua maji yale yalichotwa mahali ambapo na ng'ombe hunywa. Na choo pia, usiangalie choo chenyewe, angalia njia ya kwendea. Nimewahi kuoneshwa choo kizuri sana, kina mlango na kufuli. Mwenye mji alikuwa anajivuna nacho. Lakini njiani majani yalikuwa yamefika magotini. Nikaomba ufunguo. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi, makavu, yamepangwa vizuri. "Bwana afya," akaniambia bila haya, "hiki ni choo chako. Cha kwetu kiko huko vichakani."

Kazi hii ya tabianchi ilinifikia uzeeni, miaka michache kabla sijastaafu. Waliniunganisha na kijana mmoja wa kutoka Morogoro aliyeitwa Elia. Alikuwa mtaalamu wa kuchora ramani, mpole, msikivu, na alikuwa na kishikwambi alichokifunika kwa mfuko wa nailoni kama yai. Nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alikula ugali wa mtama bila kukunja uso.

Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa huku huku Manchira. Elia akasimama, akauliza kwa heshima zote, "Wazee wangu, mmeyaonaje mabadiliko ya tabianchi?" Mzee mmoja akakohoa, akasimama, akasema tabia ya nchi imeharibika kabisa. Vijana hawaamkii. Mabinti wanajibishana na wazazi. Wizi wa ng'ombe tuliuzoea, lakini siku hizi wanaiba hadi kuku, jambo ambalo mwizi wa zamani mwenye kujiheshimu asingelifanya. Wengine wakadakia. Elia akaandika yote, jasho linamtoka. Mimi nilimwacha, kwa sababu neno hilo lilishaniangusha na mimi mahali pengine. Mpaka mama mmoja aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni akasema, "Jamani, si anauliza habari za mvua huyu?"

Tangu siku hiyo tuliacha kutaja jina la tatizo, tukawa tunauliza vitu. Zamani mbu walikuwa wanaishia wapi? Kule milimani Tarime wazee watakuambia mbu walikuwa wa watu wa bondeni, wao walilala na blanketi tu, na leo wajukuu zao wanaugua malaria ambayo bibi zao hawakuijua. Maziwa yanakatika mwezi gani? Hili liulizeni hasa kwenye miji ya wenye mifugo mingi. Ukiona zizi kubwa unasema hawa hawana shida. Lakini jua likizidi, vijana wanaswaga ng'ombe kwenda mbali kutafuta malisho, na maziwa yanaondoka na ng'ombe. Wanaobaki ni vikongwe na watoto na zizi tupu. Nimepima watoto waliokonda katika mji ambao mwenyewe hajui idadi ya ng'ombe wake. Na kule kwenye dhahabu, waulizeni wapangaji, wale waliotoka Kigoma na Shinyanga na kwingineko kuja kuchimba. Hawaji mikutanoni, kwa sababu mkutano ni wa wenyeji. Lakini maji wanayokunywa ndiyo mabaya kuliko yote, na wakiugua hawana shangazi wa kuwapikia uji.

Sasa nije Nyanungu, kule Tarime, maana hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa mlijue mapema kuliko mimi.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Mahindi yalikuwa yamesimama shambani makavu na hayana kitu, na joto lilikuwa la kukufanya ukasirike bila kukosewa. Tulikutana na wananchi darasani, Jumamosi. Elia alikuwa ametumwa kutafuta kaya zitakazopewa kipaumbele. Mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa mmoja na vitongoji ni vingi, kwa hiyo mvua zikija na maradhi yake ilibidi ijulikane aanzie nyumba zipi. Dawa ya kutibu maji ilikuwa kidogo, nayo ilibidi ijulikane ianzie wapi. Basi Elia akauliza, "Ndugu zangu, ni kaya zipi hapa ambazo ni dhaifu?"

Mnaowajua Wakurya mnajua alichokifanya Elia. Mzee Marwa, mwenye wake kadhaa na sauti ya kutosha wote, akasimama taratibu. "Dhaifu?" akasema. "Mura, kijana wangu, hapa hakuna mtu dhaifu. Hapa kila mwanamume ametahiriwa mchana watu wakimtazama, na hakupepesa jicho. Ukitaka dhaifu kawaulize ng'ambo ya mto." Watu wakacheka, wakapiga madawati. Elia akanigeukia. Nikamwambia tukaulize nyumba kwa nyumba.

Tukagawana miji. Mimi nikachukua ndoo na vyoo, Elia akachukua maswali ya kishikwambi. Swali la kwanza kabisa lilikuwa la mkuu wa kaya, mwanamume au mwanamke, kwa kuwa huko juu walishakubaliana kwamba nyumba isiyo na mume huumia zaidi. Katika mji mmoja mdogo karibu na lambo, Elia alimkuta mwanamke kijana akitwanga, ana mtoto anatambaa. Jina lake Bhoke. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba natazama choo, nikasikia mazungumzo yao.

"Mume yupo?"

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Ameenda na ng'ombe."

"Afya yake?"

"Mzima. Ana nguvu kuliko mimi."

Elia akabonyeza. Mume yupo, mzima, ana ng'ombe. Nyumba ikaenda kwenye kundi la wanaojimudu, tukaaga, tukaenda mji unaofuata.

Siku ya kurudisha majibu tulijaa tena darasani. Elia alikuwa amechora kitongoji kizima kwenye karatasi kubwa, kila nyumba na rangi yake. Nyekundu ni ya kufikiwa kwanza, njano inafuata, kijani inaweza kusubiri. Ilikuwa kazi nzuri kwa macho. Watu wakasogea, kila mtu anatafuta paa lake. Ghafla upande wa wanawake kicheko kikalipuka, kikasambaa, hadi wazee wakaanza kufuta machozi.

"Kijana," mama mmoja akasema, "hapa umepaka kijani kwa Bhoke. Umemwona mume wake?"

"Sikumkuta. Alikuwa anachunga."

"Mume wa Bhoke si yule pale?"

Akaonesha kwa kidevu. Karibu na mlango alikuwa amekaa bibi mmoja mwembamba, ameegemea fimbo ya kuchungia, miguu ina vumbi hadi magotini. Aliitwa Wegesa.

Kwa msiotoka huku, niwaeleze. Wakurya wana ndoa wanayoiita nyumba ntobhu. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anaweza kutoa mahari ya ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa na yule aliyeolewa, baba awe mwanamume yeyote, ni wa nyumba yake, wanarithi shamba na zizi. Yeye ndiye mume. Sisemi kila kinachofanyika kwa jina la mila hiyo ni chema. Nimewahi kuona mabinti wadogo wakitolewa hivyo, na nilipiga kelele hadi polisi. Lakini Bhoke alikuwa mtu mzima. Alikuwa ametoroka kwa mwanamume aliyempiga mpaka akamvunja mkono, na kwa Wegesa alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake. Mila hiyo niliijua miaka yote. Ila kujua jambo na kulikumbuka kwa wakati wake ni vitu viwili.

Elia, masikini, alifurahi. Alidhani amepata kosa na dawa yake hapo hapo. Akachukua kalamu nyekundu. "Basi turekebishe," akasema, "kumbe nyumba hii haina mume."

"Weka chini hiyo kalamu."

Wegesa alikuwa amesimama. Hakupaza sauti. Kicheko kikaisha.

"Nyumba yangu ina mume," akasema. "Ukiandika haina, hujanisaidia, umenifukuza." Kisha akachukua fimbo yake akatoka, na jua lile la saa saba likampokea.

Nilimfuata. Elia alitaka kuja, nikamwambia abaki awapigie watu hadithi. Sikumpata njiani, bibi yule alikuwa anatembea kuliko mimi. Nilimkuta kwake amekaa kwenye kigoda, anapumua kwa shida na anajitahidi nisione. Bhoke alikuwa anampepea na upande wa kanga. Hapo ndipo nilipomtazama Bhoke vizuri, nikaona ni mjamzito. Nikatazama ndoo kabla ya mdomo. Tope lilikuwa limejaa robo.

"Shikamoo," nikamwamkia Wegesa. Alinizidi umri, si kwa mbali sana.

"Marahaba. Kaa. Unaitwa nani wewe?"

"Huku wananiita Bwana Afya."

Akaniangalia kuanzia kilemba hadi viatu, akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa. "Bwana wa nini, na wewe una matiti?"

"Ndivyo wanavyoniita."

"Uliwakataza?"

"Mwanzoni. Baadaye nikaacha. Ni jina la kazi."

"Basi na mume ni kazi," akasema. "Hapa anayeifanya ni mimi."

Kisha akanieleza, na mimi nikafanya lile ninalowaambia ninyi kila siku, nikafunga mdomo. Marehemu mume wake alikuwa na mdogo wake, Magige, mwenye mji wake upande wa pili wa lambo. Magige si mtu mbaya, akasema, ila anapenda ardhi. Tangu kaka yake afe amekuwa akisema shamba lile halina mwenyewe, kwa sababu nyumba isiyo na mume ni nyumba iliyokufa. Wegesa alipotoa ng'ombe akamwoa Bhoke, wazee walishuhudia, na Magige akanyamaza. Lakini anasubiri. "Sasa kijana wako wa serikali aandike mbele ya kitongoji kizima kwamba hapa hakuna mume. Karatasi ya serikali hiyo! Magige ataibeba kichwani hadi baraza la ukoo. Bhoke atakwenda wapi na mtoto? Huyo wa tumboni atakuwa wa nani?"

"Na maji nani anachota?" nikauliza.

Bhoke ndiye aliyejibu. "Yeye. Tangu nipate mimba hataki nibebe. Anachunga, akirudi anachota. Juzi alianguka njiani, akasema amejikwaa."

"Nilijikwaa," Wegesa akasema.

Nawaambia ukweli, nilikaa pale nikaona aibu. Mbele yangu kulikuwa na kikongwe anayechunga juani na kubeba maji, mjamzito, na mtoto mchanga anayekunywa tope. Kama kulikuwa na nyumba moja tu ya kufikiwa kwanza katika kitongoji kile, ilikuwa hiyo. Na njia pekee tuliyokuwa nayo ya kuipaka nyekundu ilikuwa ni kuibomoa.

Tulirudi na Elia tulikofikia Bomani, tukakaa mgahawani mbele ya supu iliyopoa. Alikuwa amenyong'onyea. Nikamwambia kosa si lake wala la Bhoke. Bhoke aliulizwa swali, akajibu ukweli. Swali ndilo lililokuwa jinga. Lilidhani likijua nani ni mume limejua nani anaumia. Elia akauliza, "Sasa tuulize nini, mama?" Tukavutana sana, kwa sababu alikuwa na wakubwa zake na maswali yao yaliyokwishapigwa mhuri. Mwishowe tukakubaliana kuongeza letu na kupaka rangi kwa hilo letu. Maji ya nyumba hii yanachotwa wapi, na mchotaji akiugua, yatachotwa na nani?

Tulipita upya. Swali hilo halimuulizi mtu kama ni dhaifu, wala kama ana mume. Watu walijibu bila kufikiri mara mbili, na ramani ikageuka. Nyumba ya Wegesa ikawa nyekundu, mkuu wake akaachwa kama alivyotajwa na Bhoke. Nyekundu ikatokea hata kwenye mji wa Mzee Marwa, kwenye nyumba ya mke wake mdogo, ambaye alikuwa anachota mwenyewe akiwa na kifua kinachomsumbua. Mzee Marwa aliinamia ile rangi. Nikangoja radi. "Nyekundu si rangi mbaya," akasema. "Ni rangi ya damu." Nikamwambia kweli kabisa, tata, yaani baba kwa Kikurya.

Mvua zilikuja, na zilikuja kwa hasira. Ardhi iliyokauka namna ile hainywi maji, inayatema. Lambo likafurika, vyoo vya makorongoni vikasombwa, na kwenye wiki ile ile kuhara kukaanza kwenye miji ya chini. Mhudumu wa kijiji akachukua dawa yake ya maji na pakiti zake za chumvichumvi, akaanza na nyumba nyekundu kama tulivyokubaliana. Kwa Wegesa alifika asubuhi. Akamkuta Bhoke amelala sakafuni, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta haitaki kurudi. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Wegesa alikuwa anamnywesha maji yale yale ya ndoo kwa kijiko, kwa sababu hakuwa na mengine.

Mhudumu alimchanganyia dawa, akaanza kumnywesha, akanipigia simu. Nilikuwa kata ile ile, ila gari lilikwama barabarani kwenye tope. Nikamwambia wambebeni, tukutane kituo cha afya. Wanaume wa kitongoji wakafunga blanketi kwenye miti miwili. Na aliyeshika mbele, ninyi mnaodhani mtu ni mwema tu au mbaya tu, alikuwa Magige. Alibeba njia nzima bila kupokewa, tope hadi mapajani. Mtoto waliachiwa majirani, na Wegesa alitembea kando ya machela ameshika mguu wa Bhoke.

Tulifika pamoja. Nesi aliyekuwa zamu alikuwa binti mgeni, ametoka mkoa wa mbali, ana mikono myepesi. Alimtundikia dripu kabla hatujamaliza kumlaza. Hilo nalisema kwanza kwa sababu ni la kwanza. Alisikiliza mapigo ya mtoto tumboni, akasikiliza tena, akaitikia kwa kichwa, nikaanza kupumua. Ila alisema huenda uchungu ukaja kabla ya wakati, na ikiwa hivyo itabidi Bhoke apelekwe hospitali mjini. Anahitaji mtu wa kukubali na kwenda naye.

"Mume wake yuko wapi?" akauliza.

"Mimi," akasema Wegesa.

Nesi akatabasamu kwa upole. "Bibi, nakuomba ukapumzike hapo kwenye benchi. Nimeuliza mume."

Magige alikuwa ameegemea ukuta, anajifuta tope. Akajiweka sawa. "Andika mimi," akasema. "Mimi ndiye baba wa mji ule. Kaka yangu alishafariki."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayesaidia. Nadhani hata yeye mwenyewe hakujua ni wakati gani msaada ulikuwa umegeuka kuwa kitu kingine. Lakini Wegesa alijua. Niliona mkono wake ukitoka kwenye mguu wa Bhoke, ukashika ukingo wa kitanda ili asianguke. Bibi huyu alichunga juani, alibeba ndoo, alianguka akasema amejikwaa. Sikuwahi kumwona ameishiwa nguvu mpaka dakika ile. Bhoke kitandani alifungua macho, akajaribu kusema neno, midomo ikakataa.

Nesi akainamisha kalamu. "Jina lako, baba?"

"Mwanangu," nikasema, "ngoja kidogo. Mume yupo."

"Yupo wapi?"

"Huyo aliyeshika kitanda. Ametoa ng'ombe, wazee wameshuhudia, na Magige hapa alikuwepo wakati wanahesabiwa. Si ndiyo, Magige?"

Magige alitazama tope kwenye miguu yake. Akamtazama Bhoke, mtu aliyetoka kumbeba begani. Nje mvua ilikuwa imeanza tena kupiga bati. "Nilikuwepo," akasema.

"Andika Wegesa," nikamwambia nesi. "Mwite yeye. Akikubali amekubali."

Yule binti alimtazama kikongwe, akanitazama mimi na gauni langu lililolowa, na kilemba changu kilichoanguka upande mmoja. Niliona kabisa anajiuliza kama huku Tarime watu wote wana wazimu au ni sisi tu.

"Samahani, mama," akasema. "Na wewe ni nani?"

Wegesa akajibu kabla yangu.

"Huyo," akasema, "ni Bwana Afya."